Mke wangu anataka binti yake atumie ubini wangu, baba mzazi amegoma. Sheria inasemaje?

#1 Fundi Mizani
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijaingia mkenge.

Nilioa mwisho wa 2019. Mke alikuja na binti wa miaka mitatu, sasa ana tisa, yuko darasa la tatu hapa Morogoro. Baba yake hakumuoa mama yake, ila cheti cha kuzaliwa kina jina lake na ubini wa mtoto ni wa kwake. Alienda mwenyewe kumwandikisha, hilo simnyimi. Anaishi Mwanza. Hela ya matumizi hutuma akikumbuka: miezi miwili ipo, minne haipo. Simu anapiga.

Tukajaliwa wa kiume, ameanza awali shule ileile. Hapo ndipo lilipoanzia. Mwalimu wa zamu aliwasimamisha getini akawauliza, nyie mnakuja pamoja kila siku, ni ndugu au majirani? Mdogo akajibu ndugu. Dada mtu akanyamaza. Mama yao aliposikia hakulala, na tangu siku ile wimbo ni mmoja: mtoto abadilishwe ubini, atumie wangu. Akampigia mzazi mwenzie kumtaarifu (siyo kumwomba, kumtaarifu), jamaa akawaka. Ujumbe aliotuma ninao: "Mwanangu si bajaji, abadilishwe maandishi kila akipata tajiri mpya."

Mimi nipo katikati. Mtoto namlea, ada nalipa, sina kinyongo. Lakini roho haijatulia. Inawezekana kisheria baba akiwa amekataa? Na hata kama inawezekana, ni sawa?

#2 Kiroboto
Uzi wa moto huu. Nakaa siti ya mbele.

#3 Mama Tunu
Pole mleta mada, na hongera kwa kulea. Ila mwambie mwenzio apunguze spidi. Baba yupo hai, anapiga simu, jina lake lipo kwenye cheti. Huyo hajafa wala hajapotea, ni mzembe wa matumizi tu. Uzembe wa matumizi dawa yake ni kumdai matunzo, siyo kumfuta.

#4 Chuma cha Reli
Mnamtisha bure. Hili ni jambo la asubuhi moja. Unaenda kwa wakili, unaapa, anagonga muhuri, unapeleka kile kiapo shule wanabadilisha. Mdogo wangu alifanya hivyo na mwanae yuko sekondari sasa hivi.

#5 Mbeba Mafaili
Chuma, post namba 4 umechanganya mambo matatu kwenye sufuria moja. Tuyatenganishe.

Kiapo ni maelezo unayoyatoa chini ya uapo. Hakibadilishi kumbukumbu ya mtu yeyote. Kinasaidia pale jina lilipoandikwa vibaya, mfano "Rehma" kwa "Rehema", au mtu anapotambulika kwa majina mawili.

Kubadili jina kwenyewe kuna hati yake. Inaandaliwa kwa wakili, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi, chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117, na tangazo hutoka kwenye Gazeti la Serikali. Mtu mzima anajisainia mwenyewe. Mtoto hawezi, anasainiwa, na hapo ndipo swali la nani anasaini linaanza.

Cha tatu ni daftari la vizazi la RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo), Sura ya 108. Lile linaandika tukio: nani kazaliwa, lini, wapi, mama nani, baba nani. Baba akishaandikwa pale, mke wa Fundi kuolewa hakubadilishi tukio hilo. Ukienda pale na hati ya kubadili jina huku mzazi wa pili anapinga, usitegemee mtu wa kaunta aamue ugomvi wenu. Atawaambia nendeni mahakamani, na atakuwa sahihi.

#6 Chuma cha Reli
Wakili naye lazima ale, ndiyo maana kila kitu kwenu kinaishia mahakamani. Mdogo wangu alifanikiwa, full stop.

#7 Mwalimu Daftari
Mdogo wako hakufanikiwa, Chuma, bado hajafika kwenye kona. Nimefundisha msingi miaka 31. Shuleni mwalimu mkuu mwenye huruma anaweza kukubali kiapo akaandika ubini mpya kwenye rejesta ya darasa. Kasheshe inaanza anaposajiliwa mtihani wa taifa. Jina alilosajiliwa nalo darasa la saba ndilo linamfuata kidato cha pili, cha nne, hadi cheti. Baraza la Mitihani si kiosk cha kubadilishia majina baada ya cheti kutoka. Halafu siku anaomba mkopo wa chuo wanataka cheti cha kuzaliwa, kina ubini mwingine. Nimeona watoto wenye akili nzuri wanazunguka na bahasha ya kaki imejaa viapo.

Fundi, wa kwako yuko la tatu. Kama kuna kubadilisha, ni kabla hajafika huko juu. Kama hakuna, aachwe kabisa. Usimwache na majina mawili nusu nusu.

#8 Ngosha wa Igoma
Nyote mnazunguka mbuyu. Jamaa wa Mwanza anajua anachofanya. Binti ana miaka tisa. Baada ya miaka kumi na tano atakuja mwanaume na ng'ombe. Ng'ombe zinashukia zizi la nani? La mwenye jina! Hamuoni?

#9 Kiroboto
Ngosha 😂😂 mtoto yuko la tatu wewe umeshahesabu ng'ombe.

#10 Ngosha wa Igoma
Cheka. Nimeshuhudia kikao cha mahari kimevunjika saa tisa alasiri, wali umeshapakuliwa, kwa sababu baba wawili walikaa viti vya mbele.

#11 Dunga Embe
Naomba kuongea kama upande wa pili, maana hapa baba mzazi anasemwa hayupo.

Mimi ni huyo "wa Mwanza", ila wa mkoa mwingine. Niliachana na mama wa mwanangu 2015. Kuna mwaka kazi ilikata, nikawa sitoi kitu, sikatai. Nikapata kazi nikaanza tena. Siku nimeenda shule kumsalimia mwanangu, nikamtaja jina kwa mlinzi. Mlinzi akapiga simu ofisini, wakajibu mtoto huyo hatuna. Nikasimama pale getini na mfuko wa machungwa nikiwa nimechanganyikiwa, nikidhani amehamishwa. Kengele ya mapumziko ikagonga, nikamwona kwa macho yangu anacheza. Wameshambadilisha ubini, mimi sijui. Kwa wiki nzima sikuwa na hasira hata, nilikuwa najiona mzimu.

Kwa hiyo huyo jamaa akiandika ujumbe wa bajaji, siyo kiburi. Ni hofu. Jina ndilo kamba pekee aliyobaki nayo, anajua akiiachia hana pa kushika.

#12 Mama Tunu
Dunga pole, imenigusa. Lakini kamba hiyo ingeshikwa vizuri zaidi na ada ya shule. Nasema tu.

#13 Dunga Embe
Sawa mama, nimekubali kofi.

#14 Bi Kirembwe
Assalaam alaykum. Huku Unguja na kwa sisi Waislamu jambo hili lina mlango wake. Qur'ani, Suratul Ahzab aya ya 5, imesema waiteni kwa baba zao. Mtoto wa kulea unamlea, unamvisha, unamsomesha na thawabu zako ziko palepale, lakini humpachiki nasaba yako. Wazee walikuwa wakali kwa hili kwa sababu ya ndoa pia: kesho mtoto asije akaoana na nduguye wa damu kwa kuwa majina yamefichwa.

Sasa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, wanavyuoni wengi humnasibisha kwa mama yake. Hilo ni suala jingine, waulizwe wenye elimu. Lakini ubini wa baba wa kambo, kwa misingi hiyo, haumo upande wowote.

#15 Fundi Mizani
Asanteni wote. Nijibu machache.

@Mwalimu Daftari umesema nusu nusu, umenishtua. Jana usiku nilifungua begi la binti kusaini hesabu. Daftari la Sayansi limeandikwa ubini wa baba yake. La Kiswahili limeandikwa wangu, kwa ile herufi anayoringia nayo, M yenye mkia. Hakuna aliyemwambia. La Hesabu lina jina lake la kwanza tu na la pili, halafu nafasi imebaki tupu. Sikumuuliza. Nilirudisha kama yalivyokuwa.

@Bi Kirembwe sisi ni Wakristo ila hoja ya nasaba nimeielewa. @Dunga Embe kaka, machungwa yale yameniumiza.

#16 Mbeba Mafaili
Hayo madaftari ni ushahidi mzito kuliko kiapo cha Chuma.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 4, inataka maslahi bora ya mtoto yawe ya kwanza. Cha 6 kinampa haki ya jina na uraia, na pia haki ya kuwajua wazazi wake wa kibaiolojia na familia pana. Cha 11 kinampa haki ya maoni katika mambo yanayomhusu. Soma cha 6 vizuri: jina na kumjua mzazi vimewekwa pamoja. Wakili wa baba atasimama hapohapo. Wa mama atasimama kwenye cha 4 na cha 11. Wote watakuwa na hoja.

Haikuwekwa njia maalumu ya kubadili ubini wa mtoto mzazi mmoja akigoma, hivyo mnaingia kupitia maslahi ya mtoto. Kituo cha kwanza ni Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya, wawaite wote wawili. Ikishindikana, Mahakama ya Watoto. Hakimu atataka taarifa ya afisa ustawi: nani analea, mtoto anaitwa nani mtaani, baba ana mahusiano gani naye, mtoto mwenyewe anasema nini. Kwa haya uliyoandika, baba anapiga simu na anatuma hata kwa kuruka, siwezi kukuahidi ushindi.

#17 Mzaramo Leeds
Niko Uingereza, nilipitia hili na binti yangu wa kwanza. Huku (England na Wales) sheria ni ya 1989. Baba ambaye hakuoa lakini jina lake limeandikwa kwenye cheti kuanzia tarehe 1 Desemba 2003 ana mamlaka ya mzazi sawa na mama. Ukitaka kubadili ubini na mmoja amegoma, unaomba amri ya mahakama. Kuna kesi maarufu ilifika hadi Baraza la Mabwana (mahakama ya juu kabisa enzi hizo) 1999, Dawson dhidi ya Wearmouth. Mama alimwandikisha mtoto ubini wa mume wake wa zamani, ambaye siyo baba wa mtoto. Baba mzazi akataka wake. Baba akashindwa.

#18 Chuma cha Reli
Mnaona sasa! Baba ameshindwa. Kitambo nasema.

#19 Mzaramo Leeds
Chuma usikimbie na mpira. Baba ndiye aliyekuwa anataka jina LIBADILISHWE. Alishindwa kwa sababu lilishasajiliwa, na aliyetaka kulibadilisha alipaswa kuonyesha mtoto atanufaika na nini. Ukiigeuza kwa Fundi, anayetakiwa kuonyesha ni mke wake.

Mimi mwenyewe niliishia nini? Tuliongeza, hatukufuta. Binti ana ubini wa baba yake na wa kwangu, umeunganishwa kwa kistari. Anaudhika nao fomu zikiwa na visanduku vichache.

#20 Msafiri Houston
Texas mtoto akifikisha miaka 10, ombi haliendi bila ridhaa yake ya maandishi. Hapa kwetu naona wazazi wawili na baba wa kambo mmoja na jukwaa zima, mwenye jina hajaulizwa.

#21 Wambo wa Nakuru
Kenya habari zenu majirani. Kwetu Katiba ya 2010, ibara ya 53, inasema baba na mama wana jukumu sawa wawe wameoana au la. Zamani kifungu cha 12 cha sheria yetu ya vizazi na vifo kilimzuia mama asiyeolewa kuandika jina la baba bila baba kukubali. Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakitupa nje, kinakiuka Katiba. Yaani kina mama wa Kenya walipigana mahakamani jina la baba LIINGIE, na ninyi mnapigania litoke. Dunia hii.

#22 Kiroboto
Wambo umemaliza uzi kwenye post 21.

#23 Mtu wa Stesheni
Mnakuza jambo. Bill Clinton alizaliwa na ubini wa Blythe, akachukua wa baba wa kambo akiwa kijana wa miaka 15, akawa rais wa Marekani. Ubini haujamzuia.

#24 Mwalimu Daftari
Stesheni, mfano haukai. Baba yake Clinton alikufa kwa ajali ya gari kabla mtoto hajazaliwa 1946. Nani angepinga, kaburi?

#25 Mtu wa Stesheni
Basi chukua Obama. Alipokuwa Jakarta na mama yake aliandikishwa shule kwa ubini wa baba wa kambo, Soetoro. Baba yake Mkenya alikuwa hai.

#26 Mwalimu Daftari
Huo ndio mfano mzuri, asante. Na angalia alichofanya ukubwani: kwenye vitabu vyote yuko Obama.

#27 Mluguru wa Mgeta
Fundi uko Morogoro halafu unahangaika na ubini wa baba? Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama tangu enzi. Wajomba ndio wenye neno. Baba wa Mwanza na wewe nyote wageni, leteni kuni mkae pembeni.

Na haya majina matatu ni ya fomu. Mwalimu Nyerere baba yake aliitwa Nyerere Burito. Burito liko wapi leo? Lilibaki nyuma kizazi kimoja tu, na hakuna aliyeenda mahakamani. Wenye ubini unaoganda ni Wachaga, Wahaya na wenzao. Wengine wote jina la tatu ni babu, linazama kila baada ya kizazi.

#28 Kimatare
Wachaga tumeitwa. Kwetu ubini unaeleza utazikwa kihamba gani, yaani shamba la ukoo. Huwezi kumpa mtoto ubini wa kihamba ambacho siku yako ya mwisho kaka zako watasema huyu hatumjui. Fundi, wewe kabla ya kumpa ubini, kaa na kaka zako uwaulize: nikifa kesho mtamhesabu? Jibu lao ndilo hati yako.

#29 Fundi Mizani
Kimatare umepiga penyewe. Kaka yangu mkubwa niliwahi kumgusia, akasema "kulea sawa, kwenye mafaili ya familia hapana". Sikumwambia mke wangu.

#30 Mama Tunu
Haa! Kumbe anayepinga siyo Mwanza peke yake.

#31 Mbeba Mafaili
Nisawazishe hapo. Ubini hauleti urithi na kuuondoa hauuondoi. Kinachohesabika ni uzazi uliothibitika, na jina la baba kwenye cheti ni sehemu ya uthibitisho huo. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtoto kunyimwa kufaidi mali ya mzazi wake. Kwa baba wa kambo, kama anataka afanane kabisa na mtoto wa kumzaa, njia ni kuasili Mahakama Kuu. Umri usiopungua 25 na umzidi mtoto miaka 21, na ridhaa ya wazazi inatakiwa. Mahakama inaweza kuruka ridhaa kwa mzazi aliyetelekeza au kutesa mtoto, lakini anayepiga simu kila wiki kumwita mtelekezaji ni kazi.

#32 Mzee wa Tangazo
Vijana hamjui kwamba sheria ya mila iliandikwa? Tangazo la Serikali namba 279 la 1963, kwa makabila ya kufuata baba. Mtoto wa nje ya ndoa yuko upande wa mama. Baba anayetaka kumhalalisha bila kumuoa mama alikuwa analipa shilingi mia moja kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Muulize wa Mwanza, alilipa?

#33 Ngosha wa Igoma
Mzee shilingi mia ya leo ni pipi. Atailipa mara hamsini akiwa amekaa.

#34 Mbeba Mafaili
Mzee ipo kweli, lakini usimpeleke Fundi kwa hakimu na hoja hiyo peke yake. Baba ameshaandikwa kwenye daftari la serikali kwa hiari yake, na kuna sheria ya 2009.

#35 Nusu Jina
Mimi huwa nasoma tu, leo niandike. Nina miaka 27. Nilibadilishwa ubini nikiwa na miaka saba, mama aliolewa. Baba wa kambo alikuwa mtu mzuri sana, sina neno naye. Darasa la saba hadi chuo ni ubini wake. Cheti cha kuzaliwa ni cha baba mzazi, hakikubadilishwa. Nilipoenda NIDA kujiandikisha kitambulisho cha taifa, dada wa dirishani akaniuliza, "wewe ni nani hasa?" Aliuliza kikazi, ila nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Baba mzazi alifariki 2020. Kwenye msiba mshereheshaji alisoma watoto wa marehemu, mimi wa kwanza, kwa ubini wa cheti. Nilichelewa kusimama. Sikujua kama ni mimi.

Kama mngeniuliza nikiwa na miaka saba ningesema nataka wa baba wa kambo. Kwa nguvu zote. Ukiniuliza leo sina jibu. Kwa hiyo wanaosema "aulizwe mtoto" wako sahihi, na pia hawako sahihi.

#36 Mama Tunu
Mwanangu 🙏🏾

#37 Dunga Embe
Nimesoma mara mbili.

#38 Chuma cha Reli
Nimempigia mdogo wangu. Anasema mtoto yuko kidato cha tatu na hajawahi kulinganisha cheti cha kuzaliwa na cha darasa la saba. Mbeba Mafaili, inbox.

#39 Kiroboto
🤣🤣🤣 Chuma kimepinda.

#40 Fundi Mizani
Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu, maana nimeona uzi unafufuliwa.

Tulienda Ustawi. Baba hakusafiri, aliwekwa kwenye simu, sauti ya juu mezani. Mke wangu aliongea robo saa bila kupumua. Jamaa alikuwa kimya, tukadhani mtandao umekata. Kisha akasema hapingi mtoto kulelewa, anapinga kufutwa, na akaomba kitu kimoja: kila mwisho wa muhula atumiwe picha ya ripoti. Mke wangu akamjibu na wewe kila mwisho wa mwezi tuma ada. Afisa akaandika yote mawili kwenye karatasi.

Binti aliongea na afisa peke yake kama dakika ishirini. Alichosema hatukuambiwa. Alitoka na biskuti. Tumepangiwa kurudi mwezi ujao, na mke wangu hajabadili msimamo, ila sasa anasema "kuongeza" badala ya "kubadilisha". Mzaramo Leeds, umeniletea kistari nyumbani.

#41 Mwalimu Daftari
Na madaftari?

#42 Fundi Mizani
Muhula mpya umeanza, ameyajalidi yote kwa karatasi ya kalenda. Majina bado hajaandika, hata moja.

#43 Ngosha wa Igoma
Na suala la ng'ombe afisa hajaligusa? Basi hicho kikao bado.